Chuo Kilichozaliwa Jukwaa Lilipokufa

Mwaka niliomaliza kidato cha sita nilikaa miezi kadhaa Bagamoyo kwa shangazi yangu, pale Dunda, nikisubiri matokeo. Asubuhi nilimsaidia kazi za nyumbani, na jua likishapoa kidogo natembea na njia ya Kaole hadi chuo cha sanaa kutazama wanafunzi wakifanya mazoezi. Nilijiambia naangalia tu. Kumbe nilishaanza kupiga hesabu: nikifaulu, niende chuo kikuu kama nyumbani walivyotaka, au nijiunge na hawa wanaovuja jasho pale chini ya miti?

Shangazi alijua bila kuambiwa. Jioni moja nikamwamkia, akaitikia marahaba baba, kisha akaendelea kukuna nazi kana kwamba hana la kusema. Baadaye ndiyo akauliza, "Na hao unaoshinda kuwatazama, wakimaliza wanaandikwa kazi wapi?" Sikuwa na jibu. Nikampelekea swali hilohilo mzee mmoja mpiga ngoma ambaye alikuwa hakosekani kwenye mazoezi. Akacheka. "Mjukuu wangu, sisi hatukuulizwa chuo au jukwaa. Sisi tuliandikwa kazi kwanza. Chuo kilikuja baadaye, jukwaa lilipokuwa limeshaondoka."

Sikumwelewa siku ile. Ilinichukua miaka, na kazi ya uandishi wa habari, kuelewa kwamba mzee alikuwa ananipa historia nzima ya taasisi ile kwa sentensi mbili.

Tuanzie Desemba 1962. Tanganyika imekuwa jamhuri, na Nyerere, katika hotuba yake ya kwanza kama Rais, anatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Hoja yake ilikuwa kwamba mkoloni alikuwa amewafundisha wasomi wetu kuona aibu kucheza ngoma za kwao huku wakijivunia dansi za Ulaya. Katika miaka michache iliyofuata serikali ikaunda kikundi cha taifa cha ngoma. Vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi, na kikundi cha taifa cha sarakasi kikaanza mwaka 1969. Cha maigizo kikafuata mwaka 1974.

Jambo moja kuhusu vikundi hivi husahaulika kwa urahisi, nalo ni kwamba wale watu walikuwa waajiriwa. Walikuwa na mshahara wa serikali kama karani wa posta au mwalimu wa shule ya msingi. Mtu alichukuliwa kwa sababu anaweza. Hakuna aliyemwambia alete cheti kwanza. Mchezaji alitoka Umakondeni na sindimba yake, mpigaji akatoka Usukumani ambako alijifunza kwa kumfuata manju msimu baada ya msimu, akabeba ngoma za watu kabla hajapewa yake. Huko kwao nako kulikuwa na shule, tena ngumu. Isipokuwa ilikuwa shule ambayo humo humo ndimo mnamofanyia kazi. Hukutoka kwenye mafunzo ukaenda kutafuta jukwaa. Ulikuwa juu yake tangu siku ya kwanza, pembeni, ukiitikia.

Mfano mkubwa ni Hukwe Zawose. Mgogo wa Dodoma, alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930, utoto wake ukapita kwenye kuchunga ng'ombe. Zeze na ilimba alijifunzia nyumbani. Inasimuliwa kwamba Nyerere alisikia habari zake akaagiza aletwe Dar es Salaam, na kutoka hapo akawa nguzo ya kikundi cha taifa. Baadaye dunia nzima ilimjua. Alirekodi kwa kampuni ya Real World ya Peter Gabriel na akapanda majukwaa ya WOMAD. Lakini makazi yake yalikuwa Bagamoyo, na huko Bagamoyo akawa mwalimu wa watu waliokuja na vyeti vya sekondari mkononi. Alifariki Desemba 2003.

Basi, ikafika mwisho wa miaka ya 1970. Vita vya Kagera vimekula hazina, mafuta ghali, maduka matupu. Vikundi vya taifa vikavunjwa. Sababu za kiuchumi peke yake zingetosha, lakini palikuwa na hoja nyingine ambayo mimi naiona ya haki kabisa: kikundi kimoja kilichokaa Dar es Salaam, kikicheza uwanja wa ndege kila akija mgeni wa serikali, kinamsaidia nini kijana wa Kigoma? Afadhali wale mabingwa wawe walimu, wafundishe wengine, nao wakasambaze sanaa nchi nzima. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa. Sehemu ya walimu wake wa kwanza ni watu wa vikundi vile vilivyovunjwa. Mwaka uliofuata likaanza tamasha la kila mwaka ambalo bado linaita watu pale ufukweni.

Sasa rudi kwenye maneno ya yule mzee. Chuo hakikujengwa ili kulisha jukwaa lililokuwepo. Kilijengwa jukwaa lenye mshahara lilipofutwa, na kikapewa watu walewale waliofutwa nalo. Mwanafunzi wa mwaka 1981 alifundishwa na mwigizaji aliyewahi kuajiriwa kuigiza, kwa ajili ya ajira ambayo haipo tena. Nafasi iliyokuwa ikimngoja kwa uhakika zaidi ilikuwa ya afisa utamaduni wa wilaya. Ni kazi ya heshima, sikatai. Lakini afisa utamaduni anaandika ripoti. Anasimamia ngoma za mwenge, anapanga viti vya wageni. Kuigiza labda Jumamosi.

Wakati huohuo, kilomita kama sabini kusini, kulikuwa na mlango wa pili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha idara ya sanaa za maonesho mwaka 1967, na hapo Mlimani chuo na jukwaa vilikaribia kuwa kitu kimoja. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alikuwa bado kijana mwanafunzi alipoandika Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Penina Muhando alichapisha Hatia mwaka 1972, Tambueni Haki Zetu mwaka uliofuata, na hakusimama hapo. Amandina Lihamba alisoma, akaandika, akaongoza, na tena akaigiza mwenyewe. Wengi wa nje ya chuo wanamjua kwa filamu ya Maangamizi. Wasomi hawa hawakubaki kileleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walishuka hadi Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji kutengeneza maigizo kutokana na matatizo ya pale kijijini.

Ukiwatazama hao utasema tatizo la shangazi limekwisha: nenda Mlimani, utapata vyote viwili. Tatizo ni nani alikuwa analipwa kwa lipi. Muhando na Lihamba walikula mshahara wa mhadhiri. Tamthilia zao, hata zile zinazosomwa sekondari hadi leo, ziliandikwa pembeni ya kusahihisha mitihani na kukaa vikao. Hussein alipoondoka chuoni katikati ya miaka ya 1980, hakukuwa na kampuni ya maigizo ya kumpokea mwandishi mkubwa kuliko wote wa jukwaa la Kiswahili. Kulikuwa na nyumba yake tu, Dar es Salaam, na ukimya ambao watu wa fasihi tumeuandikia sana, labda kupita kiasi.

Mlango wa tatu haukuhitaji cheti. Vikundi vya mjini, Muungano, DDC Kibisa, Mandela, na TOT tangu 1992, vilifanya maonesho kwenye kumbi za baa. Kwa kiingilio kimoja unapata ngoma, sarakasi, taarab, vichekesho, halafu igizo refu la kufunga usiku. Huko ndiko walikokuwa watu wanaokula kwa kuigiza kweli, hela ya mlangoni inagawanywa. Wasomi wengi waliyadharau maigizo yale. Mimi nilikuwa mmojawapo, mpaka nilipoanza kuwahoji waigizaji wa zamani wa vikundi hivyo na kugundua kwamba walikuwa hawaandiki mchezo. Wanapewa kisa, wanagawana nafasi, kisha kila mtu anatunga maneno yake mbele ya watu mia kadhaa wenye bia mikononi. Jaribu wewe. Televisheni binafsi zilipoanza mwaka 1994, waigizaji wa namna hiyo ndio waliokuwa tayari. Baadaye kikaja Kaole Sanaa Group, chenye jina lile lile la kijiji cha magofu ya kale jirani na Bagamoyo, na kutoka humo wakapita Ray na Kanumba.

Kwa hiyo swali la chuo au jukwaa, ambalo mimi nililibeba kama mzigo wangu peke yangu pale Dunda, lina umri wake. Halikuwepo kwa manju. Halikuwepo kwa Zawose. Lilizaliwa mwaka ule serikali ilipoacha kumlipa mtu kwa kuigiza na ikaanza kumpa cheti cha kuigiza.

Nirudi kwangu. Matokeo yakatoka, nimefaulu, si vibaya. Baba hakunigombeza wala nini. Alikuja Bagamoyo Jumapili na daladala ya Mwenge, akanywa chai kwa dada yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Upande mmoja kaandika shahada, upande mwingine stashahada. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, ilikuwa inakopesha wanafunzi wa elimu ya juu. Nikienda chuo kikuu napata mkopo wa ada na hela ya kula. Stashahada ya sanaa haikuwemo, ingebidi alipe yeye, na nyuma yangu wapo wadogo zangu watatu. "Mimi sikukatazi," akasema. "Nakuonyesha karatasi." Shangazi alikuwa anatazama kikombe chake.

Nimesikia wenzangu wengi wakisimulia jinsi wazazi walivyoua vipaji vyao kwa sababu ya ushamba na kuamini kuwa sanaa ni uhuni. Wapo wa hivyo. Lakini naomba tusiwasingizie wote. Baba yangu alipenda maigizo, alikuwa akitupeleka kwenye vichekesho. Kilichoamua ni safu mbili za tarakimu, na safu hizo hakuzipanga yeye.

Nikaenda chuo kikuu. Nikasoma uandishi wa habari.

Chuo nacho hakikubaki vilevile. Mwaka 2002 ukumbi wake wa maonesho, uliokuwa na paa la makuti, uliungua, na ikabidi ujengwe mwingine. Mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali na kupata jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa kwa kifupi. Mafunzo yakaingizwa kwenye ngazi za kitaifa za elimu ya ufundi, astashahada hadi stashahada, na siku hizi anayetaka kuanza anatakiwa awe na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Utaratibu huo una faida zake, nitaieleza moja hapa chini. Ila jambo moja hunikaa kooni. Hukwe Zawose aliyefundisha pale asingeweza kudahiliwa pale. Wala yule mzee wangu wa ngoma. Tumefika mahali ambapo mwalimu hana sifa za kuwa mwanafunzi wake, na fomu ya maombi haioni ajabu yoyote.

Wajukuu na jamaa za Zawose, kwa upande wao, wameendelea kwa njia ya zamani. Muziki wao umeshikwa ndani ya familia, pale pale Bagamoyo, na wanawake wa ukoo huo, The Zawose Queens, walitoa albamu yao ya Maisha mwaka 2024. Kwao mafunzo na jukwaa bado havijatengana. Ila ukoo haudahili watu wa nje, na sisi wengine tuliozaliwa kwa makarani na walimu tunahitaji mlango.

Tamasha mojawapo la hivi karibuni nilitumwa na gazeti langu kwenda kuliandika. Nikakaa kwenye kiti cha waandishi, kitambulisho shingoni, umri umeshavuka thelathini. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho aliigiza kama mjane anayenyang'anywa shamba na mashemeji. Hakupiga kelele hata mara moja. Kila alipojibiwa vibaya alikuwa anakunja upya kanga yake, polepole, na ukumbi mzima ukatulia kumsubiri amalize kukunja.

Baadaye nikamfuata nyuma ya ukumbi, bado ana poda usoni. Nikamuuliza lile swali la shangazi, ukimaliza unaandikwa kazi wapi. Akanijibu haraka, inaonekana ameshaulizwa sana.

"Kaka, mimi naomba shahada ya ualimu. Hii stashahada nikipata wastani wa tatu inaniingiza chuo kikuu, na huko nitaomba mkopo."

"Na kuigiza?"

"Si ndiyo nimetoka kuigiza sasa hivi?" Akacheka, akaniomba radhi, akaingia kubadili nguo kwa sababu alikuwa na sehemu nyingine kwenye ngoma iliyokuwa inafuata.