Wells na machimbo ya mchanga ya Horsell

Katika riwaya ya The War of the Worlds, chombo cha kwanza kutoka sayari ya Mirihi kinaanguka papa hapa, kwenye machimbo haya. H. G. Wells aliyajua vizuri: mwaka 1895, akiwa na miaka 28, alihamia Woking na kupanga nyumba inayotazamana na reli, Maybury Road.

Alikuwa mtoto wa mwenye duka wa Bromley. Aliwahi kuwa mwanagenzi wa duka la vitambaa, kazi aliyoichukia, kabla ya kusoma biolojia London kwa T. H. Huxley. Elimu hiyo haikupotea: Wamirihi wake wanauawa na bakteria, si mizinga.

Woking ndiko alikojifunza baiskeli. Alizunguka nayo akichagua mahali na watu wa kuteketezwa na Wamirihi, jambo alilolisimulia baadaye bila haya yoyote. Lakini chimbuko la riwaya halikuwa mzaha. Kaka yake, Frank, alimtajia maangamizi ya wenyeji wa Tasmania mikononi mwa walowezi wa Kiingereza. Wells akawageuzia Waingereza kibao. Kitabu kilitoka mwaka 1898.

Sanamu ya chombo cha Wamirihi chenye miguu mitatu, kimo cha mita 7 hivi, iko katikati ya mji.