Ndevu za Mapapa

Siku hizi vijana wetu wanafuga ndevu kwa namna nyingi. Mmoja anaacha mstari mwembamba toka sikio hata sikio, mwingine anabakiza kidogo kidevuni tu, mwingine anasokota ncha za sharubu. Wazee wanapowaona katika kanisa wananung'unika: “Je, huyu ni Mkristo?” Basi, kabla ya kuhukumu, tutazame historia ya Kanisa letu.

Tangu zamani mapadri wa Mashariki walifuga ndevu, lakini desturi ya mapadri wa Roma ilikuwa kunyoa. Papa Yulio II aliiacha desturi hiyo alipokuwa katika vita na Wafaransa. Watu wa wakati ule walisema ameapa kutonyoa mpaka adui wafukuzwe katika Italia. Lakini mwaka 1512 alizinyoa.

Kisha yakaja mambo mazito zaidi. Tarehe 6 Mei 1527 askari wa Kaisari Karolo V waliingia Roma. Waliua watu, wakaiba mali, wakayachafua makanisa. Papa Klementi VII alikimbilia ngome ya Malaika Mtakatifu, akafungiwa humo miezi mingi. Wembe haukugusa tena uso wake. Ndevu zake zilikuwa matanga ya mji wake, naye alikaa nazo mpaka kufa kwake, mwaka 1534. Mchoraji Sebastiano del Piombo alimchora kabla ya msiba, hana ndevu, tena baada yake, ana ndevu nyingi. Ni mtu mmoja, lakini nyuso ni kama mbili.

Mwaka 1531 mwalimu mmoja wa Roma, Pierio Valeriano, alitoa kitabu cha kutetea ndevu za mapadri. Tangu hapo mapapa wote walifuga ndevu, karibu miaka 170. Lakini tuangalie jinsi zilivyobadilika. Paulo III alikuwa na ndevu ndefu nyeupe kama babu. Aleksanda VII, aliyetawala tangu 1655, alikuwa na sharubu nyembamba zilizopinda juu na kishungi kidogo kidevuni, kama mabwana wa mjini wa siku zake. Matanga yamekwisha, yamebaki mapambo. Inosenti XII, aliyekufa mwaka 1700, alikuwa wa mwisho. Toka siku ile mpaka leo hakuna Papa mwenye ndevu.

Watakatifu nao hawakufuata njia moja. Mtakatifu Karolo Borromeo, Askofu Mkuu wa Milano, alinyoa ndevu zake, na mwaka 1576 akawaandikia mapadri wake wanyoe nao, kwa unyenyekevu. Lakini Wakapuchini walifuga ndevu kwa unyenyekevu ule ule, wamfuate Yesu maskini. Ndivyo walivyofika katika ufalme wa Kongo mwaka 1645, na ndevu zao.

Huku kwetu, kando ya ziwa Tanganyika, wazee walizoea kuona Mapadri Weupe wenye ndevu. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao katika Algeria mwaka 1868, aliwataka waishi kama watu wa nchi, kwa mavazi, chakula na lugha. Na katika nchi ile ndevu ni heshima ya mwanamume. Monsinyori Roelens naye alikuwa na ndevu ndefu. Mwaka 1917, kule Baudouinville, ndiye aliyempa upadri Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi. Mafuta matakatifu aliyapaka mikononi mwa Kaoze, hakuyapaka kidevuni.

Basi, wazee wetu, tusimpime mtu imani yake kwa wembe. Kijana akichezea ndevu zake bila kiburi, hakuna dhambi. Nanyi vijana, kumbukeni Papa Klementi: ndevu zake zilisema neno lililokuwa moyoni mwake. Zenu zinasema nini?