Gawio au kukuza mtaji: mpango upi unafaa kwa fedha ya muda mrefu?

Mkulima wa Mnyuzi aliyeuza mahindi ya masika, akalipa ada na madeni, na bado akabakiwa na akiba kidogo, ana njia alizozizoea: kununua mbuzi, kufyatua tofali, kuweka kwenye simu au kuchangia vikoba. Siku hizi ipo pia njia ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambayo unaweza kujiunga nayo bila kuwa na mamilioni. Lakini kwenye baadhi ya mifuko hiyo kuna swali moja ambalo watu wengi hulijibu haraka: unataka kupokea gawio, au faida ikuze mtaji? Kwa mtu anayeweka fedha kwa miaka 10 au 15, jibu la swali hilo hubadilisha sana kiasi atakachokuta mwishoni.

Mfuko wa pamoja ni chungu kimoja cha watu wengi. Kila anayeweka fedha hupewa vipande. Meneja wa mfuko hununua hati fungani za serikali, hisa za kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na kuweka sehemu benki. Thamani ya kipande hukokotolewa kila siku ya kazi na kutangazwa. Meneja mkubwa wa siku nyingi nchini ni UTT AMIS, taasisi ya serikali, ambayo mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005. Baada yake ilikuja mingine, ikiwemo Jikimu, Watoto, Ukwasi, na mwaka 2019 Mfuko wa Hati Fungani. Wapo pia mameneja binafsi, na wote husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Tofauti ya mipango hii miwili, mtu wa Korogwe anaiona kila siku shambani. Mkonge ukishakomaa unakatwa majani, unauzwa, na mmea unabaki palepale ukisubiri mkato mwingine. Hilo ndilo gawio. Msaji, kama ile ya shamba la Longuza kule Muheza, hukupi kitu mwaka hadi mwaka. Unanenepa tu, na fedha yake unaiona siku ya kuuangusha. Huko ndiko kukuza mtaji.

Mfuko wa Umoja hautoi gawio kabisa. Faida yote hubaki ndani na kuonekana kwenye bei ya kipande. Jikimu na Hati Fungani humpa mwekezaji nafasi ya kuchagua: apokee gawio kwa vipindi, au faida yake irudishwe kwenye mfuko kwa jina lake.

Hapa kuna kosa ambalo hata watu wenye elimu zao hulifanya. Wengi hudhani gawio ni nyongeza, kwamba mfuko unaotoa gawio unalipa zaidi ya usiotoa. Si hivyo. Gawio linatoka ndani ya chungu kilekile. Chukua mfano wa vipande 1,000, kila kimoja shilingi 120: una shilingi 120,000. Mfuko ukitoa gawio la shilingi 5 kwa kipande, unapata shilingi 5,000 mkononi, na bei ya kipande inashuka hadi 115. Vipande vyako sasa ni shilingi 115,000. Ukijumlisha, ni 120,000 ileile. Kilichobadilika ni mahali fedha ilipo.

Na mahali fedha ilipo ndipo panapoleta tofauti ya miaka. Tuseme, kwa hesabu ya mfano tu, mfuko unapata asilimia 10 kwa mwaka. Mtu ana shilingi 1,000,000 na kila mwaka anachukua gawio la 100,000. Baada ya miaka 15 amepokea 1,500,000 na bado ana milioni yake. Mwenzake hakugusa kitu. Faida yake ilizaa faida nyingine, na baada ya miaka 15 ana karibu 4,177,000. Wa kwanza amepata jumla ya 2,500,000, na pengine sehemu kubwa ya lile gawio iliishia kwenye vocha na matumizi ambayo hawezi kuyakumbuka.

Kuna na jambo la bei za vitu. Bei zikipanda asilimia 4 kila mwaka, bidhaa ya shilingi 1,000,000 leo itauzwa karibu 1,800,000 baada ya miaka 15. Kwa hiyo ile milioni ya mpokea gawio haijapotea, ila nguvu yake imebaki kama nusu. Watu husema "mtaji wangu upo palepale" kwa furaha, na ndiyo shida yenyewe.

Je, gawio halifai? Linafaa, tena sana, kwa mtu aliyeshafika. Mstaafu aliyepokea kiinua mgongo na hana mshahara tena anahitaji fedha ya kula. Mjane aliyeuza ng'ombe na hana nguvu za kulima naye vivyo hivyo. Lakini hata wao wajue kwamba gawio halina kiwango cha milele. Aprili 2022 riba ya hati fungani mpya za serikali za miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, na za miaka 20 kutoka 15.49 hadi 12.10. Mfuko unaonunua hati mpya kwa riba ndogo hauwezi kugawa kama zamani.

Kwa wenye akiba ndogo, mara nyingi uamuzi unafanywa na masharti yenyewe. Mfuko wa Hati Fungani ulianza kwa kutaka angalau shilingi 10,000,000 kwa anayetaka gawio la kila mwezi na 5,000,000 kwa la kila miezi sita, wakati wa kukuza mtaji angeanza na 50,000. Viwango huweza kubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kujaza fomu. Mwenye 300,000 asivunjike moyo kwa kukosa gawio. Anaweza kujitengenezea la kwake: akihitaji 30,000 ya madaftari na sare mwezi Januari, anauza vipande vya kiasi hicho tu na vingine vinaendelea kukua. Mwaka ambao mavuno ni mazuri, hauzi kitu. Uhuru huo mpokea gawio hana, maana fedha humjia hata asipoihitaji.

Ila asingoje siku ya kufungua shule. Malipo ya kuuza vipande katika mifuko mingi huchukua hadi siku 10 za kazi. Ukwasi ni wa haraka zaidi, takriban siku 3. Fedha ya mbegu ya vuli na ya dharura ya hospitali isiingie kwenye mpango wa miaka 15.

Bei ya kipande pia inaweza kushuka, hasa kwenye mfuko wenye hisa, na hakuna meneja halali anayekuahidi kiasi maalumu kila mwezi bila kukosa. Wanaokumbuka DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009, wanajua "gawio" linalotoka kwenye mifuko ya wanachama wapya linavyoisha. Ukiitwa kwenye mkutano wa namna hiyo, uliza kwanza leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Mwisho, kama ulishachagua gawio na sasa unaona hulihitaji, wasiliana na meneja wa mfuko uulize utaratibu wa kuhamia mpango wa kukuza mtaji. Siku hiyohiyo hakikisha jina la mrithi wako limeandikwa, na namba ya simu iliyosajiliwa ni ile unayoitumia sasa, si ile laini iliyopotea miaka mitatu iliyopita.