Anaconda ya Tatu

Vijana wa kikundi chetu hapa Nzahaha walikuwa wanabishana filamu ya Jumamosi. Mmoja akataja Anaconda. Nikauliza, ya ngapi? Maana ziko nyingi, na ile ya tatu mimi siionyeshi hata bure.

Ya kwanza ilitoka 1997. Jennifer Lopez, Ice Cube na yule mzee mbaya, Jon Voight, wako ndani ya boti kwenye mto Amazon. Niliiona Uvira nikiwa mtoto, kwenye chumba cha video chenye mabenchi, mtafsiri amesimama karibu na televisheni anatueleza kwa Kiswahili. Nyoka alichelewa kutokea. Tulitazama maji tu, na mtafsiri naye ananyamaza makusudi. Wiki nzima niligoma kwenda kuteka maji ziwani. Mama alinipiga, nikakubali kupigwa. Na kumbe mnyama wa kuogopa tulikuwa naye kweli: Gustave, mamba wa Rusizi na Tanganyika. Wamarekani walimtolea filamu 2007, wakaenda kuipiga Afrika Kusini!

Ya pili, ya 2004, inatokea Borneo, ambako anaconda hawaishi kabisa. Tulisamehe.

Ya tatu, 2008, ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, ikapigwa Romania kwa mkupuo mmoja na ya nne. Nyoka wa kwanza alikuwa na mwili. Walimuunda kwa mashine, wakamchanganya na kompyuta, analowa, anang'aa. Huyu wa tatu karibu wote ni kompyuta, anapita juu ya majani kama hayagusi. Halafu hakuna kungoja. Mapema tu ashatoroka maabara, damu inaruka. Chumba kizima kilicheka. Mtafsiri alipaza sauti, akaongeza maneno yasiyokuwemo, mwishowe akacheka naye. Niliomba hela yangu irudishwe, wapi!

Miaka ikapita, tukakimbia. Usiku ule hatukumwona mtu mwenye bunduki hata mmoja. Tulisikia tu mbwa wameacha kubweka, basi Mama akasema tutoke. Nikaikumbuka ya kwanza, yale maji yaliyotulia.

Haya yote niliwaeleza vijana, nikitetea ya kwanza. Mmoja aliyefika mwezi uliopita alisikiliza mpaka mwisho, akasema anataka ya tatu.

"Kwa nini?"

"Si umesema haiogopeshi, kaka?"

Jumamosi tuliweka ya tatu.