Maleba ya Miguuni: Kiatu cha Leo katika Mchezo wa Kihistoria

Katika uigizaji, mavazi ya wahusika huitwa maleba. Vikundi vya wanafunzi wanaoigiza michezo ya kihistoria, Kasese na kwingineko, hujitahidi sana kutafuta kanzu, kaniki na kofia. Miguu husahauliwa. Mwigizaji hupanda jukwaani akiwa shujaa wa karne iliyopita, lakini chini amevaa raba nyeupe. Makala haya yanajadili namna ya kukirekebisha kiatu cha leo ili kifae mchezo wa jana, na kwa nini jambo hilo ni la somo letu.

Swali la kwanza si kiatu gani kivaliwe, bali nani alivaa kiatu. Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mwezi Juni 1906, Luigi Amedeo wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, alifika kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori. Yeye na waongozaji wake kutoka Italia walivaa buti nzito za ngozi zenye misumari chini ya soli. Wapagazi wa Kikonzo waliobeba mizigo kupita matope na mawe walikwenda miguu mitupu. Ukiwavika wote viatu, umefuta tofauti ya bwana na mpagazi, nayo ndiyo kiini cha historia yenyewe.

Mfano wa pili ni tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wapo wanaowavika wapiganaji viatu vya matairi, yaani lugabire, ambavyo Tanzania huitwa makatambuga. Vinaonekana vya asili, lakini mwaka 1905 matairi ya magari yalikuwa bado hayajaenea Afrika Mashariki. Lugabire zitafaa mchezo wa miaka ya 1950, kwa mfano ule wa mwaka 1956, reli ilipofika Kasese na shaba ya Kilembe ikaanza kusafirishwa.

Askari wa Wajerumani walivaa buti na patisi, yaani utepe wa kitambaa unaozungushwa mguuni kutoka kifundo hadi chini ya goti. Hapa kiatu cha leo hufaa. Tafuta buti fupi za ngozi katika mitumba ya Bwera au Kasese. Ondoa kamba za rangi, paka soli nyeupe rangi nyeusi na ufiche nembo. Kata kitambaa cha kaki chenye upana wa sentimita 10 na urefu wa mita 2.5 kwa kila mguu, kisha kizungushe juu ya shingo ya buti. Zipu na mishono ya kiwandani haitaonekana tena. Misumari usiipigilie, kwani mwigizaji atateleza sakafuni; mtu aliye nyuma ya pazia anaweza kutoa mlio huo kwa kugonga misumari juu ya jiwe.

Kwa mfanyabiashara wa pwani, chukua kandambili za ngozi na uzishonee mikanda mipana, zifanane na makubazi. Za plastiki hazifai. Anayecheza miguu mitupu naye ana haki yake: jukwaa lifagiwe na likaguliwe kabla ya kila zoezi.

Walimu wenzangu, kazi hii pia ni somo la msamiati. Buti limetoka Kiingereza, sapatu Kireno, champali lugha za Bara Hindi. Kila neno lilifika na watu wake. Mwanafunzi anayeuliza mhusika wake alivaa nini mguuni, na alikiitaje, ameanza kusoma tamthilia kama mwanahistoria. Tukimruhusu apande na raba zake, tumemfundisha kwamba zamani ilikuwa kama leo, ila mavazi tu.