Gugu vamizi, na lile liitwalo karoti

Kando ya njia za magari katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi huota mmea wenye vichwa vidogo vya maua meupe, vizuri kiasi cha kuchomekwa kwenye shada. Wanabotania huuita Parthenium hysterophorus. Ndugu zetu wa Tanzania huuita gugu karoti, jina ambalo sisi wa Nairobi tungefanya vyema kuliazima, ingawa linadanganya kidogo: majani yamechanikachanika kama ya karoti, lakini ukoo wake ni wa alizeti.

Istilahi inayonisumbua ni ile kubwa zaidi, gugu vamizi. Kuvamia ni kuingia ghafla na kwa nguvu, kama majambazi usiku. Gugu karoti halikuja hivyo. Kwao ni Amerika ya kitropiki, na husafiri kimyakimya ndani ya magunia ya nafaka au katika tope la matairi. Uvamizi wake huanza likishafika. Shina moja hutoa maelfu ya mbegu, na sumu zake huzuia mimea jirani kuchipua. Nyasi zikipungua, ng'ombe huzungukazunguka bure. Akilila kwa njaa, maziwa huwa machungu.

Sasa linganisha na ndulele. Nayo hujaa kwenye malisho yaliyochoka, na hakuna mfugaji wa Ngong anayeipenda. Lakini ni mzaliwa wa hapa. Ni gugu, naam; vamizi, hapana. Ugeni ni nusu ya maana ya istilahi hii, na neno lenyewe halikuutaja. Hata hivyo singeongeza "geni": istilahi ndefu hufia kwenye vitabu.

Sheria ya Kenya ina neno lake jingine. Mwaka 2010 gugu karoti lilitangazwa kuwa gugu hatari, na hatari hiyo ni ya ngozi na pumzi pia: huwasha, huleta mafua na pumu. Kwa hiyo usiling'oe kwa mikono mitupu.

Ling'oe baada ya mvua, udongo ukiwa laini, kabla halijachanua. Rudi tena wiki chache baadaye, maana mbegu hukaa ardhini miaka. Ndiyo sababu wataalamu husema kudhibiti, si kumaliza. Katika umri huo wa kabla ya kuchanua hakuna ua jeupe la kukuonyesha, ni majani tu yaliyolala chini kwa duara. Hapo ndipo jina la karoti linapolipa deni lake.