Timu Yetu ya Kandanda: Ilivyoanza, Ilivyokatika na Ilivyorudi

Ndugu Mhariri ameniomba niandike machache juu ya historia ya timu ya kandanda ya shule yetu, kwa ajili ya toleo hili la kukutana kwetu. Nilikubali upesi, nikidhani kazi itakuwa nyepesi. Mimi ni mtumishi wa serikali, na sisi watumishi tumezoea kuamini kwamba jambo lisilokuwemo katika jalada halikutokea. Basi nilipofika shuleni niliomba jalada la michezo. Nikapewa jalada moja jembamba lenye barua za kuomba mipira, orodha mbili za wachezaji zisizo na tarehe, na stakabadhi ya nyavu. Kwa hiyo mengi ya haya nimeyapata kwa kuwauliza waliocheza, na yaliyobaki niliyaona kwa macho yangu.

Kandanda ililetwa nchini na wageni, lakini shule zilisaidia sana kuieneza. Mwalimu aliyejifunza mchezo chuoni alikwenda nao alikopangiwa kazi, na wanafunzi wakarudi nao vijijini wakati wa likizo. Kombe la Gossage, ambalo Kenya na Uganda walianza kulishindania mwaka 1926, Tanganyika iliingia mwaka 1945. Huku kwetu Tukuyu mchezo ulikuwa na adui mmoja mkubwa, nao ni ardhi yenyewe. Chini ya Mlima Rungwe, mahali tambarare pa kutosha kuweka magoli mawili hapapatikani ila kwa jasho.

Uwanja wetu ulichongwa kwa majembe. Baada ya Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, shule zilitakiwa kuwa na mashamba na kazi za mikono. Kaka zetu wa wakati huo husimulia kuwa walikuwa wakitoka shambani wakaenda moja kwa moja kuchimba uwanja, toroli kwa toroli. Hata hivyo mteremko haukwisha. Goli la upande wa barabara lilibaki chini kuliko la upande wa mabweni. Ndiyo maana nahodha wetu akishinda sarafu alichagua kuanza kwa kupanda, ili kipindi cha pili, miguu ya wote ikiwa imechoka, sisi tuwe tunashuka.

Mvua nayo ilitufundisha. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mpira wa ngozi ukishalowa hauruki. Anayepiga mipira mirefu hujichosha bure. Timu yetu ikajulikana kwa pasi fupi fupi na kwa kucheza peku, kwa sababu viatu vilikuwa haba na matope yalikuwa mengi. Miaka ya mwanzo ya 1980, ambapo hata sabuni ilikuwa ya kutafuta, jezi moja ilivaliwa na timu ya kwanza Jumamosi na ya pili Jumapili.

Kisha ukaja mwaka 1986. Tukuyu Stars, waliojulikana kwa jina la Banyambala, yaani wanaume, walitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara. Mwaka uliotangulia bingwa alikuwa Yanga, na mwaka uliofuata akawa Yanga tena. Katikati yao upo mji wetu mdogo. Mimi nilikuwa mtoto ambaye hajaanza shule, lakini nakumbuka wazee wameizunguka redio, wamenyamaza kama walio kanisani. Sidai kwamba shule yetu ndiyo iliyouleta ubingwa ule. Ninachosema ni kwamba tangu hapo hakuna mvulana wa huku aliyekubali kuambiwa kuwa kandanda ni mali ya Dar es Salaam.

Nilipoingia kidato cha kwanza miaka ya tisini, lengo la kila mchezaji lilikuwa UMISSETA. Ulianza wilayani, ukichaguliwa ukaenda mkoani, na waliobahatika waliendelea hadi taifa. Mimi sikuvuka wilaya. Nilikuwa winga wa kushoto mwenye mbio nyingi na shabaha kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano hayo yalisimamishwa nchi nzima, kwa hoja kwamba masomo yatangulie. Siandiki kumlaumu mtu. Nataka kueleza kilichotokea, maana ndani yake mna somo. Mwaka wa kwanza vijana waliendelea na mazoezi wakitumaini. Mwaka wa pili nahodha alimaliza shule na hakuna aliyechaguliwa kushika nafasi yake. Mwaka wa tatu nyavu zilifunikia bustani ya mboga. Mwaka wa nne walikuwa wachache mno shuleni waliowahi kuivaa jezi yetu katika mchezo wa mashindano.

Ndipo nilipotambua kwamba kumbukumbu ya shule ni fupi mno. Ina urefu wa miaka minne, au sita kwa anayeendelea hadi kidato cha sita. Timu hufundishwa na wanaoondoka, na wanaofika wakikosa wa kuwafundisha, kila kitu huanza upya.

Kwetu sisi uzi haukukatika wote. Mpishi wetu wa siku hizo, aliyekuwa mlinda mlango ujanani, aliwakusanya vijana kila Jumamosi baada ya kuosha masufuria, bila posho na bila kuagizwa. Mashindano yaliporudishwa baada ya miaka kadhaa, timu ilipoingia uwanjani kwa mara ya kwanza nahodha alishinda sarafu, akachagua kuanza kwa kupanda. Nani alimwambia? Jina la mpishi yule halimo katika jalada.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua. Tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwezi Januari 2016, wanafunzi wameongezeka na madarasa yanahitajika. Kuna pendekezo la kuyajenga upande wa juu wa uwanja. Nimepima kwa kamba: zitabaki mita 70. Sheria za kandanda zinataka urefu usiopungua mita 90. Mwanafunzi hawezi kusomea juani, hilo sipingi. Lakini chini ya jiko kuna kipande cha ardhi kinachohitaji kusawazishwa tu, na sisi tuliosoma hapa tunaweza kuchangia gharama. Naomba tulijadili katika mkutano wetu, kabla msingi haujachimbwa.

Ninyi wadogo zetu mlioko shuleni, kazi yenu ni nyepesi zaidi. Nunueni daftari. Andikeni tarehe, wapinzani, magoli na majina ya waliocheza, pamoja na aliyefua jezi. Mwaka 2050 kuna mtu atakayeomba jalada la michezo, na asipewe jembamba kama langu.